Neno la juma: «Go», neno fupi lenye safari nyingi



Juma hili tunashika neno moja tu la Kiingereza, nalo ni «go». Lina herufi mbili. Mtoto anayeanza Kiingereza mwaka wa saba analiandika katika siku za kwanza kabisa. Wengi wetu tunalifasiri «kwenda», tunafunga daftari na kusema kazi imekwisha. Lakini walimu tunajua kwamba neno hili linaleta taabu nyingi, sababu linaonekana jepesi. Neno gumu mtu analiulizia. Neno jepesi linapita bila kuulizwa, kisha linaharibu maana siku ambayo hakuna mwalimu karibu wa kusahihisha.

Mama mmoja anaweza kutuuliza: Kiingereza cha nini hapa Uvira? Nyumbani tuna Kivira, Kifuliru, Kibembe, Kirundi. Sokoni tuna Kiswahili. Shuleni na ofisini tuna Kifaransa. Ni kweli, lugha hatukukosa. Lakini tutazame vizuri. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ofisi za Jumuiya hiyo zimefanya kazi kwa Kiingereza tangu mwanzo. Jirani zetu wa Burundi, ambao taa zao za Bujumbura tunaziona usiku ng'ambo ya ziwa, waliweka Kiingereza kati ya lugha zao rasmi mwaka 2014. Na zaidi ya yote kuna damu yetu iliyotawanyika. Ndugu zetu walivuka ziwa wakati wa vita na kufika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa upande wa Kigoma mwaka 1996. Kutoka kule wengi walipelekwa Marekani, Kanada na Australia. Watoto wao wanasikia Kiswahili cha mama zao, lakini wakishika simu wanaandika Kiingereza. Mama asiyeelewa ujumbe wa mjukuu wake anabaki kusubiri mtu wa kumsomea. Kwa hiyo tujifunze, hata kidogo kidogo.

Umbo lake

Neno hili lina sura tano: «go», «goes», «going», «went», «gone». Tunasema «I go», naenda. «She goes», yeye anaenda. «I am going», niko njiani au niko karibu kuondoka. «I went», nilienda. «She has gone», ameenda.

Watoto wanauliza kila mwaka: kwa nini wakati uliopita ni «went», na haufanani hata kidogo na «go»? Jibu ni kwamba «went» ilitoka katika neno lingine la zamani, «wend», lililokuwa na maana karibu na ile ile. Waingereza wakaliacha lile neno la zamani, lakini wakabaki na kipande chake. Tusiwacheke. Kifaransa kinafanya hivyo hivyo: «je vais», «nous allons», «j'irai», na yote ni «kwenda». Hata Kiswahili cha vitabu kinaamuru «nenda!» na kwa kuja kinasema «njoo!», ingawa sokoni kwetu tunasikia «enda» na «kuya». Maneno yanayotumika kila siku ndiyo yanayochakaa na kupindika, kama jembe la mama mlimaji.

Basi mtoto akileta daftari ameandika «I goed», msimpige wala msimcheke. Watoto wa Uingereza na Marekani wenyewe wanasema vile wakiwa wadogo. Maana yake ameshika sheria ya wakati uliopita, bado tu kujua neno lisilofuata sheria. Mwambieni «went», mara tatu, yeye arudie, mambo yaendelee.

Neno «to», na nyumba isiyolitaka

Sisi tukisema «sokoni» tunaweka «ni» nyuma ya neno, na njia imeonekana. Kiingereza hakina «ni» ile. Kinaweka «to» mbele: «I go to the market». Mtu akisema «I go market», amefanya kama anayesema «naenda soko». Watu wataelewa, lakini watasikia kwamba kitu kimekatika.

Sasa angalieni: tunasema «I go home», bila «to». «I go to home» si sawa. Namna rahisi ya kukumbuka ni hii: «home» katika maneno hayo haimaanishi nyumba, inamaanisha nyumbani. «Ni» yake iko ndani tayari. Vilevile «go here» na «go there»: «hapa» na «pale» hazihitaji kusaidiwa.

Tena kuna kazi zinazoshikamana na «go» bila «to»: «He goes fishing at night», anaenda kuvua usiku, kama waume na kaka zetu wanavyoingia ziwani na taa zao mwezi usipoangaza. «We go shopping», tunaenda kununua vitu. Kazi yenyewe inachukua «ing», basi.

Neno dogo «the», na mlango wa gereza

Hapa tunaomba kila mmoja asome polepole, sababu ni jambo linaloweza kumletea mtu shida ya kweli.

Kiingereza kinatofautisha kwenda mahali kwa ajili ya kazi ya mahali pale, na kwenda kwenye jengo tu. «My son goes to school in Kalundu»: mtoto wangu anasoma Kalundu. Lakini mama aliyeitwa na mwalimu anasema «I went to the school», nilienda pale shuleni. Yeye hakwenda kusoma, alienda kusikia mambo ya mtoto wake. Ni vilevile kwa kanisa: «I go to church» ni mimi ninayesali. «I went to the church» anaweza kuwa fundi aliyeenda kutengeneza bati.

Sasa chukueni gereza. Mnajua hali ya magereza yetu: wafungwa wengi wanategemea chakula kinacholetwa na ndugu zao. Mama anapika bugali na sombe, anafunga katika kitambaa, anabeba kila siku. Mama huyo akisema kwa Kiingereza «I went to prison», hakusema kwamba alipeleka chakula. Amesema kwamba alifungwa. Lile analotaka kusema ni «I went to the prison to bring food to my brother». Tofauti ni herufi tatu tu: t, h, e.

Karatasi za watu wanaoomba kusafiri au kuhamia nchi za mbali zinauliza mara nyingi kama mtu amewahi kukamatwa au kufungwa. Anayeuliza hamjui mama yule, hajui chakula alichobeba kila siku. Anaandika alichosikia. Kwa hiyo, kama hauko hakika na «the», epuka neno hilo kabisa na useme wazi: «My brother was in prison. I brought him food». Sentensi mbili fupi zinazoeleweka ni bora kuliko moja ndefu yenye shimo.

Kwa hospitali kuna tofauti kidogo kati ya Waingereza na Wamarekani. Mwingereza anasema «go to hospital» kwa mgonjwa anayelazwa, na «go to the hospital» kwa anayeenda kumtazama mgonjwa. Mmarekani anatumia «the» kwa wote wawili. Basi ujumbe ukitoka Marekani ukisema «Dad went to the hospital», usitulie kwa kufikiri alienda tu kutazama mtu. Uliza: ni yeye anayeumwa?

Ameenda, alishafika, au ametutoka?

Kiingereza kina maneno mawili pale ambapo sisi mara nyingi tunatumia moja. «My husband has gone to Kigoma»: ameenda Kigoma, bado yuko kule. «My husband has been to Kigoma»: alishafika Kigoma na alirudi. Jiulize tu: mtu yuko wapi sasa hivi? Kama yuko kule, «gone». Kama amerudi, «been».

Na sasa jambo zito zaidi. Ukisema «gone» peke yake, bila mahali, hasa ukitumia «is», maana inaweza kuwa kifo. «My mother is gone» inasikika kwa Mwingereza kama sisi tunavyosikia «mama ametutoka» au «mama ametuacha». Fikirieni binti aliye mbali, huko Australia, anayeuliza hali ya mama yake katika siku ambazo habari za vita zinazunguka. Kijana wa nyumbani anaandika haraka «Mama is gone», yeye anamaanisha mama ameondoka, ameenda Baraka. Yule binti atalia usiku mzima kabla simu haijapatikana tena.

Dawa yake ni moja: usiache kamwe «gone» bila mahali. Andika «Mama has gone to Baraka. She is well. She will come back on Friday». Mahali, hali yake, siku ya kurudi. Katika nchi ya watu waliotawanyika, ujumbe mzuri unabeba mambo hayo matatu.

Kwenda ambako hakuna safari

Wale waliosoma Kifaransa wana bahati hapa. Mnajua kwamba «je vais cultiver» haielezi lazima safari ya miguu, inaeleza kazi itakayofanyika. Hata sisi tunasema «naenda kukuonyesha» tukiwa tumeketi. Kiingereza ni hivyo hivyo: «I am going to cultivate», nitalima, nimekusudia kulima.

Namna ya kutofautisha: tazama kinachofuata «to». Kama ni mahali, mtu anasafiri: «I am going to Sange». Kama ni kazi, mtu anakusudia: «I am going to sell my maize». Vijana katika simu wanafupisha wanaandika «gonna». Neno hilo ni la kusudi tu, si la safari. Mjukuu akiandika «I'm gonna call you», ni kusema atakupigia simu. Hakuna mtu anayesema «I'm gonna Bujumbura».

Wamama wa biashara, sikieni. Mteja akikuandikia «I am going to pay you», bado hujalipwa. Hiyo ni ahadi. Aliyelipa anasema «I have paid» au «I paid». Na akisema «I was going to pay you», jihadhari zaidi: maana yake alikusudia kulipa lakini hakulipa, na huenda neno linalofuata ni «but», yaani «lakini».

Umbo hili la «was going to» ni la kuangaliwa sana na watu wanaoeleza mambo waliyoyaona. Mtu anayesema «They were going to burn our house» amesema: walitaka kuichoma nyumba yetu. Anayesikiliza atafikiri kwamba nyumba ilibaki. Kama nyumba ilichomwa kweli, aseme «They burned our house». Au kama walikuja kutoka mbali na kuichoma, «They came and burned our house». Katika ushuhuda, neno moja linaweza kuondoa nusu ya yale uliyoyapata. Na mwenye haki ya kuomba mtafsiri amwombe bila haya. Kuomba mtafsiri si ujinga.

Kuoza, kuzimika, kubebwa

Neno «go» linatumika vilevile kwa kitu kinachogeuka, na mara nyingi kinageuka vibaya. «The fish has gone bad»: samaki ameoza. «She went blind»: alipofuka. «The children go hungry»: watoto wanakaa na njaa. Sisi hatutumii «kwenda» hapo, kwa hiyo mtu akisoma neno kwa neno anapotea. Hakuna samaki aliyesafiri. Ni ndagala waliokaa jua bila kukauka vizuri. Mambo mazuri mara nyingine yanachukua «come»: «The dream came true», ndoto imetimia.

Umeme ukikatika tunasema umeme umeenda. Kiingereza kinakubali: «The power has gone», au «The lights went out». Lakini kwa maji tuwe waangalifu. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake, yalichukua nyumba nyingi hapa mjini, na sisi tunasema nyumba ilienda na maji. Ukitafsiri «The house went with the water», Mwingereza atashangaa. Sema «The flood took our house», mafuriko yalichukua nyumba yetu. Hapo ataelewa mara moja, na hatahitaji kuuliza.

«Nakuja», lakini unaondoka

Tumalizie na ndugu yake «go», yaani «come». Sisi tukiinuka kutoka mkutanoni tunasema «nakuja», na kwa Kifaransa chetu «je viens», huku tunatoka mlangoni! Wote wanaelewa: nitarudi sasa hivi. Mgeni wa Kiingereza akisikia «I am coming» na kuona mgongo wako, atabaki mdomo wazi. Mwambie «I'll be right back», yaani narudi sasa hivi.

Lakini mtu akikuita kutoka chumba kingine, «I'm coming!» ni sawa kabisa. Kiingereza kinatumia «come» kwa kumwelekea anayesema au anayesikia. Kwa hiyo ukimwandikia rafiki yako wa Bujumbura kwamba utafika kwake kesho, andika «I am coming to your house tomorrow», kama sisi tunavyosema «nitakuja kwako».

Kazi ya nyumbani

Mfanye jioni, mama na watoto pamoja, baada ya kula. Funikeni majibu kwa mkono.

1. Mama anataka kusema kwamba alipeleka chakula gerezani Jumanne.
2. Kaka yuko Kigoma, hajarudi.
3. Dada alifika Kigoma mwaka jana, sasa yuko nyumbani.
4. Tutauza mihogo Jumamosi.
5. Maziwa yameharibika.
6. Watoto wameenda nyumbani.

Majibu: 1. «I took food to the prison on Tuesday». 2. «My brother has gone to Kigoma». 3. «My sister has been to Kigoma». 4. «We are going to sell cassava on Saturday». 5. «The milk has gone bad». 6. «The children have gone home», bila «to».

Aliyepata nne ameshinda. Aliyepata mbili asome tena sehemu ya gereza na sehemu ya «gone», sababu hizo ndizo zenye uzito.

Wengine watasema ni mambo ya watoto wa shule. Sisi hatuamini hivyo. Mama aliyesoma na yule ambaye hakupata nafasi ya kusoma, wote wana ndugu mbali, wote wanapokea ujumbe, wote siku moja wanaweza kuketi mbele ya mtu mwenye karatasi na kuulizwa walitoka wapi na walienda wapi. Siku hiyo «the» moja, au jina moja la mahali baada ya «gone», litakuwa na faida.

Juma lijalo tutashika «take» na «bring», kuchukua na kuleta, sababu mmeona tayari katika kazi ya nyumbani kwamba zinagombana. Leteni maswali yenu kwenye mkutano, yaliyoandikwa au ya mdomo. Hakuna swali dogo.

Tubaki pamoja, na wale walio mbali Mungu awalinde huko waliko.